Nati Kipofu

Nilikwenda Kibuye Jumapili na kipande cha alumini mkobani,
unene wa milimita moja na nusu,
nimekitoboa matundu kumi kwa drili ya shule
(niliiazima Ijumaa; Jumatatu itarudi maabara).
Bati jembamba halishiki hesi. Ukilikata nyuzi,
bolti inaingia, inakaza, halafu inatoka nazo zote
kama jino la maziwa.
Na nyuma ya sakafu mkono haufiki kushika nati.
Ndiyo maana nataka ile iitwayo kipofu:
unaisukuma tunduni, unaivuta kutoka mbele,
nayo inavimba kwa nyuma, pasipoonekana,
inauma bati, inatulia.

Rispa ametandaza bidhaa juu ya gunia:
spana zisizo na ndugu, koleo, vipuri vya cherehani,
na katikati chombo chenye mikono myekundu,
kifupi, kama makasi ya bustani.
"Mia nane," anasema, "kwa kuwa ni wewe."
Hanijui.
Nikatia nati ya chuma, ya milimita sita. Nikabana.
Nikabana kwa mikono miwili, kwa goti,
kwa kifundo nilichovunja mwaka ule nilipoanguka ngazini.
Nati ikanitazama.
Wanaume watatu wakasogea. "Lete nikusaidie, mama."
Mmoja akaibana kwa mkono mmoja huku akitafuna muwa.
Nikamshukuru. Nikamwuliza:
na saa nne za usiku, Migosi, chini ya gari,
tundu la tisini na mbili,
utakuwepo?
Wakacheka. Rispa alicheka kuwashinda,
akashusha hadi mia sita.

Kuna kile cha dukani, mjini,
mikono mirefu kama mkasi wa kukatia nondo.
Elfu sita na mia tano.
Nilikiegemea tu, kwa uzito wangu, si kwa nguvu,
na nati ikakaa kwa mlio mdogo,
kama kidole kinachovutwa asubuhi.
Lakini mikono mirefu hutaka nafasi.
Kwenye pembe ya pedali, pale miguu yangu itakapokaa,
hata panya akigeuka hugonga mkia.

Kuna na njia ya Khaemba, mchomeleaji:
bolti ngumu, nati ndefu, washa mbili, gololi za baiskeli;
spana moja inashika, nyingine inazunguka.
Haigharimu kitu. Dakika tatu kila tundu.
Matundu ni mia na arobaini.
Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya unga:
saa saba nzima za spana,
kama hakuna linaloharibika.
"Na haraka ya nini," akasema,
"gari halina hata usukani."

Kweli. Lina injini ya Probox iliyopinduka Ahero,
fremu ya bomba mraba, viti viwili,
kimoja bado ni kreti ya soda.
Mume wangu huliita kabati.
Ila mvua ikija
hulifunika kwanza, ndipo aanue nguo.

Nilinunua mikono mirefu.
Nusu nililipa, nusu mwisho wa mwezi.
Kwa ajili ya pembe nikaunda ile ya Khaemba,
gololi nikazitoa kwenye baiskeli ya mwanangu Obunde,
ambaye bado anailaumu barabara.

Matundu thelathini yamekaa.
La thelathini na moja nililitoboa usingizi ukiniita,
nusu milimita kupita kiasi.
Nati imeingia, imevimba,
na sasa inazunguka na bolti upande wowote nitakao
kama jirani anayekubali kila neno.
Haikazi. Haitoki.
Nimelala chali, taa ya simu kifuani.
Naipa robo ya mzunguko.
Inakubali.